Shofere wa Dirishani

Nakumbuka siku ile ya mvua mjini Beni, mwanangu Issa, siku mama mdogo wangu Mwamini alipobebwa kwenda makaburini akitokea nyumba ambayo haikuwa yake. Nilikuwa msichana wa sekondari, nikiishi kwake na kwa mume wake, baba mdogo Salehe. Sijawahi kukusimulia vizuri. Nilidhani ni habari za zamani, wenyewe wameshakwenda wote, basi nani atazitaka. Lakini Jumapili iliyopita nilikuja kukutembelea chumbani kwako, na nikarudi nyumbani nikiwa na siku ile kifuani.

Unakumbuka pale nilipokaa? Sikukaa. Nilipanda mlima wote ule wa kwenu kwa miguu, na magoti yangu unayajua, nikafika mlangoni nikihema. Ukafurahi, nilikuona. Ukaondoa kartoni kwenye kiti ukaiweka kitandani, kitandani kukawa kumejaa, ukaihamishia mezani, mezani wamepangwa wale wanasesere wako wa plastiki wenye mapanga na mabawa, basi kartoni ikarudi palepale kwenye kiti. Ukaniambia, "Mama mukubwa, ungoje kidogo, nitapanga." Mashujaa wote wale, Issa, na hakuna hata mmoja aliyenipisha kiti! Nikakuambia kuna mtu ananingoja sokoni, nikaondoka. Hakuna aliyekuwa akiningoja. Tangu mume wangu afariki, na watoto wangu wametawanyika, huyu Kampala, yule Goma, mimi ndiye ninayengoja watu.

Sikulaumu kwa kupenda vitu hivyo. Wapo watakaokuambia ni utoto, mwanaume mzima mwenye kazi yake ya kutengeneza simu anakusanya wanasesere. Waache. Mimi nimelelewa katika nyumba ya mtu aliyevipenda kuliko wewe.

Baba mdogo Salehe alikuwa dereva wa lori. Alipeleka kahawa na mbao hadi mpakani Kasindi, na mara nyingine akavuka, akarudi na sabuni na chumvi. Kila safari alirudi na kitu kimoja cha kuchezea. Huko mpakani walikuwa wakifungua mabalo, yaani marobota, ya mitumba, na ndani yake, katikati ya makoti, ungekuta vitu vya watoto wa mbali: askari wa plastiki, dubu mwenye jicho moja, kigari cha bati, mtu mwenye misuli ambaye mikono yake inazunguka. Yeye na mama mdogo hawakujaliwa mtoto. Mwanzoni alisema anamwekea mtoto atakayekuja. Miaka ikapita, akaacha kusema hivyo, lakini hakuacha kuleta.

Wa kwanza kabisa alikuwa kijitu cha plastiki chenye kofia, kirefu kama kidole cha shahada. Mama mdogo Mwamini alimwonea huruma, akasema baridi itamwua, akamshonea shati la kitenge cha buluu kwa mabaki ya gauni lake. Akampa jina la Shofere, yaani dereva, kama mume wake. Baba mdogo alipowasha lori kwenda safari, mama mdogo alimsimamisha Shofere dirishani, uso ukiangalia barabara. Lori liliporudi na tukasikia honi, alimgeuza aangalie ndani. Ndivyo alivyosali, nadhani, pamoja na sala zake nyingine. Nilipofika kuishi kwao nililikuta dirisha lile likiwa wazi, na Shofere juu yake, na nyumba ile ilikuwa na raha.

Wakati huo vitu vya baba mdogo vilikaa kwenye ubao mmoja ukutani. Jioni akirudi, jirani wangeingia, yeye angeshusha kimoja kimoja na kueleza: huyu nilimtoa mahali fulani, siku hiyo gurudumu lilipasuka, tukalala njiani. Watu walicheka. Hata Mama Kavira wa ng'ambo ya ua, Mkatoliki mwenye shamba la maharage, mtu wa maneno machache, alikuwa na dubu wake anayemwulizia habari kila akija.

Kisha ubao ukajaa. Hapo ndipo kila kitu kinapoharibikia, mwanangu, ubao unapojaa na mtu bado analeta. Vitu vikashuka chini ukutani, vikaingia kwenye kartoni za sabuni, kartoni zikapandana. Chumba cha wageni kikajaa, wageni wa kulala wakaisha. Saloni, yaani sebule, nayo ikajaa. Jirani aliyeingia aliambiwa, "Angalia mguu, hapana kanyaga ile," na mtu anayeambiwa hivyo mara kwa mara anajifunza kusalimia akiwa mlangoni. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiogopa nyumba tupu, na alidhani anaijaza.

Siku moja kartoni zikaziba dirisha. Nilimwona mama mdogo akijaribu kupitisha mkono kati ya kartoni na ukuta, amtafute Shofere, maana lori lilikuwa linaunguruma nje. Hakumfikia. Mume wake aliporudi, mama mdogo alimwambia, na yeye akajibu vizuri tu, bila hasira, kwamba angoje, atapanga vitu atakapopata nafasi. Safari iliyofuata alitafuta tena. Baadaye nikaona hatafuti. Alikuwa anakaa jikoni kwenye kigoda, amegeukia ukuta, hata chakula kikiwa kimeshaiva.

Aliugua homa, ikawa kali, akafariki asubuhi. Nililia hadi sauti ikakauka, kwa sababu kwangu alikuwa mama zaidi ya neno hilo.

Wewe unajua desturi yetu. Mtu akifa, kabla machozi hayajakauka wanaume wanatoa viti na meza nje, mikeka inatandikwa saloni, wanawake wanaingia kukaa na wafiwa, na wale waoshaji wanatayarishiwa chumba. Nyumba inafunguliwa yote. Siku hiyo wakaja. Wakasimama mlangoni. Saloni ilikuwa na njia nyembamba tu ya kupita mtu mmoja kwa ubavu, na chumba alicholazwa mama mdogo kilikuwa na kartoni hadi juu ya kitanda. Wakaanza kuzitoa. Mvua ikaanza, mvua ya Beni, ile inayomwagika bila kuonya, na kartoni zilizofika uani zikalowa na kupasuka, watu wa plastiki wakatawanyika matopeni. Baba mdogo akawa anaokota. Watu wanamwambia njoo ndani, yeye anaokota. Bashi la lori, lile turubai lake, lilikuwa limetandazwa juu ya vitu vyake, na wafiwa wananyeshewa.

Mama Kavira ndiye aliyekata neno. Aliingia, akamwangalia mama mdogo pale kitandani, akatoka.

"Mumulete kwangu," alisema. "Kwangu fasi iko."

Wakampeleka kwa Mama Kavira, wamemfunika kwa mablanketi. Yule mama alitoa magunia ya maharage kwenye saloni yake, akatoa viti, na bila kuombwa na mtu akashusha msalaba ukutani, akaufunga kwa kitambaa chake kizuri na kuuweka chumbani. Wanawake wetu wa Kiislamu wakamwosha mama mdogo pale, wakamvika sanda pale, na jeneza likatoka pale. Alipita mbele ya mlango wake mwenyewe akielekea makaburini. Nilikuwa nimesimama kizingitini. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, na nilimwonea mtu mwingine, si mimi.

Koko yangu, yaani nyanya yangu, mama yake Salehe, aliishi hapa Butembo. Barabara ilikuwa mbaya kwa mvua ile, hakuwahi maziko. Alifika siku ya dua, tayari amesikia yote, maana habari za namna hiyo zinapanda gari kabla ya watu. Alingoja wageni watoke. Hakuinua sauti. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, kile cha mama mdogo, akamwita mwanawe.

"Salehe," alimwambia, "ile siku bintu byako bililala mu nyumba, na bibi yako akatokea kwa jirani."

Mimi nilidhani koko ataamuru vyote vichomwe, na kusema kweli nilitamani avichome. Lakini hakuwa mtu wa hivyo. Alitandika mkeka, akaomba aletewe kartoni ya kwanza. Alichukua kitu kimoja, akakifuta tope kwa kanga yake, akamwuliza mwanawe alikitoa wapi. Salehe akaeleza. Koko akasikiliza mpaka mwisho, akakiweka kando yake. Akachukua kingine. Salehe akakitazama, akageuza geuza, akasema hakumbuki. Kikaingia guniani. Kingine tena, hakumbuki. Gunia likawa linajaa na mkeka umebaki mtupu. Hapo ndipo koko alipomwambia neno ambalo nataka ulibebe.

"Kama haujue kwenye alitoka, haiko wako tena. Iko muzigo tu."

Waliendelea hivyo siku kadhaa, mimi nikileta kartoni. Chini ya dirisha, katika kartoni iliyolaliwa na nyingine zote, koko akatoa kijitu chenye kofia. Mguu umevunjika, na shati la buluu limeota ukungu. Alikuwa hamjui, akauliza kama alivyouliza wengine, huyu ulimtoa wapi.

Baba mdogo akamchukua kwa mikono miwili.

"Alikuwa anamutafuta uyu," alisema. "Nikamwambia angoje."

Kisha akalia, na koko akamwacha alie. Hakumwambia nyamaza.

Magunia yalikwenda kwa watoto wa kartie, wa mtaa wetu, na kwa muda mrefu ungekuta pale Beni mtoto anavuta askari kwa kamba kwenye vumbi, akipiga kelele kwa raha. Baba mdogo alibaki na ubao wake mmoja tu, wenye vitu anavyoweza kuvisimulia. Akitaka kuongeza kimoja, kimoja kilitoka. Dirisha likawa wazi. Jirani wakarudi kidogo kidogo, Mama Kavira akaletewa dubu wake kabisa, akae naye. Lakini sitakudanganya kwamba yote yalipona. Shofere alisimama dirishani, ameegemezwa kijiti, anaangalia barabara, hata siku ambazo lori limeegeshwa uani na mwenyewe yuko nyumbani. Nilimwuliza baba mdogo kwa nini hamgeuzi. Akasema kazi ile haikuwa yake.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Sikuambii utupe. Chagua ubao mmoja, au kabati moja lenye kioo kama umejaliwa, na hapo ndipo mwisho wa mji wao. Siku ubao ukijaa, anayeingia amtoe mwenzake. Shusha kila mmoja, mfute vumbi, ujiulize ulimpata wapi na ulikuwa nani siku hiyo. Yule unayeweza kumsimulia, mpe nafasi nzuri aonekane, asizibwe na mwenzake. Yule usiyemkumbuka, mpe mtoto amchezee mpaka mkono utoke, ndiyo kazi aliyotengenezewa. Zile kartoni tupu unazozitunza eti mwanasesere ana thamani akiwa na kartoni yake, nimekusikia, lakini weka za wale wapendwa wachache, nyingine zikunje uzitoe. Na kitanda kiwe cha kulala, kiti kiwe cha kukaa, dirisha liwe la kuangalia nje. Kitu kikishakalia kiti siku nyingi, watu wanaona na kuelewa kwamba hawatarajiwi, na hawatakuambia. Watasema kuna mtu anawangoja sokoni.

Wewe ni kijana unayeishi peke yako, na najua jioni ndani ya chumba ikoje. Mimi pia naijua. Uso wa plastiki unaokutazama kutoka mezani ni afadhali kuliko ukuta, sikatai. Lakini haukuulizi kama umekula.

Baba mdogo alipokuwa mgonjwa wa mwisho aliniita Beni akanipa Shofere, akasema mimi ndiye niliyeona alipokuwa anageuzwa. Ninaye hadi leo, hapa Butembo. Siku hizi barabara ya Beni mtu haipiti bila kumwomba Mungu, na makaburi yao sijayaona muda mrefu, basi huyu mdogo ndiye kaburi langu la kutembelea. Asubuhi namfuta vumbi. Shati lake limekuwa karibu jeupe. Tangu Jumapili nimemsimamisha dirishani akiangalia ile njia inayoshuka kutoka kwenu.

Mungu akulinde, Issa, akupe mkono wa kuachilia na kumbukumbu ya kutunza. Akupe nyumba ambayo watu wataingia bila kuangalia miguu yao, wakae, wachelewe kuondoka. Akupe mtu wa kukungoja, na siku yako ikifika, ya mbali sana inshallah, utokee mlangoni pako mwenyewe.

Ukishatoa ile kartoni kwenye kiti, nitumie neno. Magoti haya yatapanda tena. Ama uje wewe huku, kiti kipo na hakina kitu juu yake. Siku hiyo nitamgeuza Shofere aangalie ndani.