Wa Saba Kwenye Kikokotoo

Usinitazame hivyo. Sikuota, sikuwa na homa, wala sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Kitangari, kipupwe cha mwaka juzi, siku zile ukungu unapopanda kutoka bondeni hata jirani yako humwoni. Asiyetaka kuamini aache, simbembelezi mtu.

Mimi nimejifundisha mwenyewe kutengeneza kurasa za mtandaoni, kwa kompyuta kuukuu aliyoniachia kaka yangu. Kina mama wenzangu tunaopika kwenye sherehe wakaniomba kikokotoo: unabonyeza idadi ya watu, kinakwambia kilo za mchele na ndoo za maji. Na maji kwetu si mchezo. Nikakitengeneza, kitu chepesi tu, pamoja na kitufe cha kugeuza ukurasa uwe mweusi usiumize macho.

Saa kumi na moja jioni nikakaa barazani kukijaribu. Nikahesabu watu wa nyumba yangu, kila jina nabonyeza mara moja. Mama yangu alikuwa anamenya mihogo pembeni, akang'aka.

"Mama Zuhura! Watu wanahesabiwa hivyo? Hao kuku?"

"Mama, hii ni hesabu tu."

"Haya. Mimi nimesema."

Sita. Mimi, mume wangu, mama, Zuhura binti yangu na wadogo zake wawili. Nikageuza ukurasa ukawa mweusi. Tano. Nikarudisha mweupe, sita. Mweusi, tano. Nikaisoma programu yangu mstari kwa mstari. Kile kitufe kazi yake ni rangi, niamini, namba hakizigusi kabisa! Nikacheka, nikasema kompyuta imezeeka.

Halafu nikashtuka: Zuhura yuko wapi? Nilimtuma maji bondeni saa nane, na wenzake walisharudi zamani. Mume wangu akachukua tochi akateremka. Mama akaenda kuuliza kwa majirani. Nikabaki na wale wadogo wamelala ndani, nasikia baba yao anaita Zuhura, Zuhura, mpaka sauti ikapotelea kwenye ukungu. Niliogopa jamani, nisiseme uongo.

Ndipo akaja msichana. Miaka kumi na minane hivi, mtungi kichwani, na usoni ana chale zile za mabibi zetu, ambazo siku hizi hachanjwi mtu. Mtungi ulikuwa unavuja, maji yanamtiririka mabegani, lakini sakafu hailowi. Wewe ungefanyaje?

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Nikaitika kwa mazoea tu, wallahi!

"Nilipotea njia ya maji," akasema. "Nyumbani walinitafuta, kisha wakaacha kunihesabu. Mwanao ninaye. Nihesabu na mimi, nimwachie."

"Jina lako nani?"

"Nimelisahau, mama. Nihesabu hivyo hivyo."

Ungemkatalia? Mtoto wangu yuko kwake! Ukurasa ulikuwa bado mweusi, umeandika tano. Nikabonyeza mara moja. Namba ikaruka sita, ikaandika saba. Kuinua macho, baraza tupu.

Muda si muda Zuhura huyo anatokea kwenye ukungu, ndoo imejaa, amenuna. "Mama, baba ana nini? Ananiita kama nimepotea, na mimi nimeondoka sasa hivi tu." Nikamkumbatia mpaka maji yakamwagika yote, na siku hiyo sikuyaonea uchungu.

Kikokotoo nilikifuta. Nikaandika kingine upya, kwa simu. Mweupe sita, mweusi saba. Maji ya siku mbili sasa yanaisha kwa moja. Ugali ninaoufunika jikoni naukuta umemegwa, na vidole vilivyomega ni vyembamba. Zuhura analala ukingoni mwa mkeka, ukimuuliza anasema anampisha mwenzake. Hamwogopi. Mimi ndiye namwogopa, na wakati mwingine namwonea huruma, maana naye alikuwa na mama.

Utasema si umpunguze? Kitufe cha kupunguza kipo, nimekiweka mwenyewe. Lakini kile hakiulizi unampunguza nani, na yule hana jina la kumtaja. Nikibonyeza, ataondoka yupi?

Kwa hiyo nakwambia, hesabu kuku, hesabu mikorosho, ndoo hesabu upendavyo. Wewe una watoto? Usiniambie wangapi.