Daftari la Waganga na Kuku wa Mzee Haonga

Siku ya kwanza niliyoanza kazi ya kuratibu tiba asili na tiba mbadala, Mganga Mkuu wa Wilaya alinikabidhi daftari kubwa lenye jalada jeusi, akaniambia, "Sista, kawaandike waganga wote, wetu na wa wilaya jirani. Nani anatibu nini, anatibu wapi, anatibu vipi." Nikaitikia vizuri, lakini moyoni nilinuna. Mimi niliyehudumu wodi ya wazazi, wodi ya majeruhi na chanjo za vijijini, leo natumwa kwa waganga wa kienyeji! Nikajua kuna mtu kanichomea utambi.

Daftari lilikuwa na safu tatu: jina, kijiji, aina ya huduma. Safu ya tatu niliona ni ya kupoteza wino. Mimi mtoto wa Tunduma, na kule mpakani, kwa kukaa na jirani zetu Wazambia, mtu yeyote mwenye dawa isiyo ya hospitali anaitwa shing'anga, yamekwisha. Nilidhani nitaandika neno moja kutoka juu ya ukurasa mpaka chini.

Loo, nilikuwa mjinga! Ninyi vijana mnaotoka vyuoni leo mna bahati, mnafundishwa tofauti zao darasani. Mimi nilifundishwa na miguu yangu. Kule milima ya Ileje nikakutana na wakunga wa jadi, akina mama wa kanisani, wenye kujua kwa kiganja tu mtoto amelalaje tumboni. Mmoja wao alinishika mkono akauliza, "Mwanangu, wewe nesi, mbona vidole vyako vina baridi hivi? Utamgusaje mzazi?" Tangu siku hiyo nilisugua viganja kabla ya kumgusa mgonjwa.

Kule Msangano, bonde la Momba, kwenye maboma ya wafugaji, nikawakuta watu wa mitishamba. Hao ni watu wa mizizi na magome, wanachemsha, wanakausha, wanatwanga. Wazuri kati yao utawajua kwa jambo moja: ukiwatajia ugonjwa wasioujua, wanakwambia hawaujui. Anayetibu kila kitu kwa chupa moja, mkimbie.

Tunduma mjini ndiko kwenye tiba mbadala, yaani zile zilizotoka mbali zikaja kupanga chumba kwetu. Kuna wanaoumika, wanaotoa damu kwa vikombe, ndugu zetu Waislamu wanaita hijama. Kuna wakandaji wa misuli. Kuna wauza virutubisho. Na kuna kijana mmoja alikuwa na mashine ya kupima mwili mzima. Unashika kirungu cha chuma, kompyuta inakutajia maradhi yako yote. Nikashika. Mashine ikasema tezi dume yangu imevimba. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo tezi unionyeshe iko wapi, nami niifahamu." Akachomoa waya, akafunga duka kwa siku ile.

Halafu kuna wapiga ramli. Hao hawatibu kitu. Unawapelekea mtoto mwenye homa, wanakutajia shangazi yako. Nimeona koo zikisambaratika kwa sababu yao, na sheria inawakataza. Ukiandika "ramli" katika safu ya tatu, umemwandikia mtu kesi. Hilo nililijua vizuri, na ndiyo maana yanayofuata yananiuma hadi leo.

Itaka nilifika mchana, nina haraka, gari la chanjo linanisubiri barabarani. Nilipelekwa kwa Mzee Haonga, Mnyiha mmoja mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa. Uani kwake walilala wagonjwa watatu, miguu yao imefungwa kwa vipande vya mianzi. Kando ya kila mgonjwa palikuwa na tenga, na ndani ya kila tenga kuku mwenye mguu uliofungwa kwa mianzi midogo.

"Kuku wa nini hawa, Mzee?" nikamuuliza.

"Ndio watakaosema mgonjwa ainuke lini, Sista."

Dereva akapiga honi. Nami, bila kuuliza swali la pili, nikaandika katika safu ya tatu: Ramli, kwa kuku.

Wiki chache baadaye likaja agizo kwamba wapiga ramli wote wasimamishwe. Orodha ilitolewa katika daftari langu. Mgambo wakaenda Itaka, wakamwambia Mzee Haonga asimguse mgonjwa tena, na waliolala uani warudishwe makwao. Kesho yake asubuhi mzee akaja ofisini kwetu, amevaa koti lake la kanisani, amebeba tenga. Watu kwenye korido wakacheka. Akaliweka tenga juu ya meza yangu, juu ya mafaili, kuku ndani.

"Sista, wewe ndiye uliyeniandika. Nieleze basi, huyu kuku amemtaja nani kuwa mchawi?"

Nikamvutia kiti.

Akanieleza kwa utaratibu, kama anayeongea na mtoto wake. Yeye ni muunga mifupa, kama baba yake na babu yake. Mfupa uliovunjika anaunyoosha, anaufunga, anausubiri. Kazi ngumu si kufunga, ni kusubiri. Mgonjwa akiacha kusikia maumivu anataka kusimama, na mfupa bado laini. Ndipo wazee wakaanza kumvunja kuku mguu siku ile ile na kumfunga vilevile. Kila asubuhi mgonjwa anamtazama kuku wake. Kuku akishatembea vizuri, mzee anaongeza siku anazozijua yeye, ndipo anafungua. "Mimi nikimwambia lala, atasema nina roho mbaya," akasema. "Akimwona kuku bado anachechemea, analala mwenyewe."

"Jamani, Mzee! Si ungeweka kalenda ukutani?"

"Niliweka. Kalenda haichechemei."

Nilicheka huku machozi yananilenga. Nikamuuliza waliokuwa wamelala kwake wako wapi. Wawili walikuwa wamekwishapona. Wa tatu, Yohana, mchimba dhahabu wa Saza aliyevunjika mguu shimoni, alikuwa amepakiwa kwenye pikipiki na kurudishwa kwao, mifupa haijashika. "Huyu hapa ndiye kuku wake," mzee akasema. "Fanya upesi, Sista. Kijana yule hana subira."

Nikaenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Daftari la serikali halifutwi kwa raba," akasema. "Andika barua. Eleza ulivyokosea, saini, nami nitaipeleka mkoani leo hii hii. Nakala itakaa kwenye faili lako."

Sasa sikilizeni, maana hapa sijipambi. Mwezi ule nilikuwa nasubiri kupandishwa daraja. Barua ya kukiri kosa ndani ya faili! Nikajiambia nitaandika kesho. Kesho nikasema Jumatatu. Jumatatu nikasafiri kwenda Ileje, ingawa safari ile ingeweza kungoja. Wiki ya tatu ndipo nikaandika. Mkoani hawakunisumbua hata kidogo, ruhusa ya mzee ikarudi siku chache tu baadaye. Nikaenda mwenyewe Itaka kumpa, akaisoma na tarehe ya barua yangu, kisha nikapanda gari mpaka Saza kumtafuta Yohana.

Nilimkuta amesimama mlangoni kwake. Alikuwa ameifungua mianzi mwenyewe mapema, kwa kuwa mguu haukuuma na hapakuwa na wa kumzuia. Mfupa ulikuwa umeshika, umeshika umepinda. Nikampeleka hospitali, wakapiga picha, wakasema kunyoosha ni kuvunja upya. Akakataa. Sikumwambia kwamba barua ilikaa wiki tatu kwenye droo yangu.

Tangu hapo nilifanya kazi na Mzee Haonga mpaka nikazeeka. Tulikubaliana: kidonda kilicho wazi, mfupa uliotokeza nje, mtoto mchanga, vyote vije hospitali kwanza. Na wagonjwa wengine tuliwapiga picha za mifupa kabla na baada, madaktari wakaacha kumcheka. Nilimsihi aache kuwavunja kuku. Alinuna, kisha akaanza kuwafunga mianzi wakiwa wazima. "Lakini wagonjwa usiwaambie," akanionya. Sikuwaambia, naye hakuacha kunitania: "Sista, leo umeniandika nini?"

Mwaka juzi nilistaafu. Mvua za mwaka huu ziliponikuta, niliteleza kwenye tope la sokoni Tunduma, kiganja kikatangulia, kifundo cha mkono kikavunjika. Hospitali wakanifunga hogo, ile plasta ngumu, wakaniambia wiki sita. Weee! Nesi mzima, nilifika wiki ya tatu nikaanza kutafuta mkasi. Kinawasha, maumivu hayapo, na nani atanifulia?

Mkasi uko mkononi, pikipiki ikasimama nje. Akashuka mtu mzima anayechechemea, amebeba tenga. Yohana. Siku hizi anabeba abiria kati ya Itaka na Mlowo.

"Shikamoo, Sista. Mzee Haonga kasikia umeanguka. Anasema kuku huyu hajavunjwa, unajua mwenyewe. Amefungwa tu. Na anasema usiguse fundo la mianzi yake, atakuja kulifungua yeye kwa mkono wake."

Nikamkaribisha, nikamwekea kiti. Nikamtazama ule mguu, nikaona sitaweza kufa na neno lile. "Yohana, ule mguu ni mimi. Barua ya kumrudisha mzee kazini niliikalia wiki tatu."

"Najua," akasema. "Mzee aliniambia zamani. Ndiyo maana nilipomsikia anatafuta mtu wa kuleta kuku, nikasema nitamleta mimi."

Akalisogeza tenga karibu na kiti changu. Kuku akainuka, akachechemea hatua mbili, akalala. Yohana akautazama mkasi mapajani mwangu, akanyoosha mkono. Nikampa, akaondoka nao.