Mahali Patatu pa Kushuka

Tarehe kumi na tisa Februari, saa nne asubuhi, mke wangu alifariki. Presha ilikuwa inamsumbua kwa miaka, na mimi nilikuwa nimezoea kumwona akiugua na kuinuka. Alikuwa amepanga safari ya mwezi uliofuata. Waliokuja msibani walisimulia mambo yake mengi, lakini hiyo safari hawakuijua, ndiyo maana naiandika.

Alizaliwa Keza, kule Ngara, nikamwoa nikamleta huku Biharamulo. Ziwa alikuwa ameliona mara mbili tu, kwenye dirisha la basi. Meli hakuwahi kupanda. Binti yetu anayeishi Mwanza alitualika tukae kwake siku chache, halafu tupande meli hadi Bukoba na kurudi nyumbani kwa basi. Mke wangu akauliza maswali sokoni, kwa mama mmoja muuza dagaa anayesafiri huko, akaambiwa kwamba kabla ya Bukoba meli inasimama Kemondo asubuhi na mapema kushusha mizigo. Alirudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyeokota kitu.

"Kumbe mtu anaweza kushuka," alisema.

Nilimwambia watu wanapanda meli ili wafike, yeye ndiye wa kwanza kupanda ili ashuke. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso.

"Nikifika bila kushuka nitakuwa nimeona meri tu."

Kiswahili alikijua, ila lugha ya kwao ni Kihangaza na herufi ya l ilikuwa inamponyoka, hasa akiwa na furaha. Meli ilikuwa meri. Mahali palikuwa mahari. Nilimtania kwa hilo tangu tukiwa vijana, naye alinijibu kwamba aliyeelewa ameelewa.

Alichukua daftari la zamani la shule la binti yetu, akafungua ukurasa usioandikwa, akaanza kupanga. Alitaka kwanza kuona dagaa wanavyoanikwa. Amekula dagaa maisha yake yote, alisema, na hajawahi kuwaona kabla hawajakauka. Kisha alitaka kupanda mahali pa juu aitazame meli ikiwa bandarini. Nilimuuliza kwa nini aitazame wakati ametoka ndani yake. Alisema ukiwa ndani ya kitu hukioni. Mwisho alitaka kuingiza miguu ziwani. Kwa hilo alichagua kabisa viatu vya kuvaa, vile visivyo na kamba, asije akapoteza muda akifungua na kufunga.

Muda ndio uliomnyima raha, na mimi nilimwongezea hofu. Nilimwambia meli itatuacha na mabegi yetu yatafika Bukoba bila sisi. Hakubishana. Alirudi kwa mama wa dagaa, akapewa namba ya mtu wa Kemondo mwenye bajaji, mtu mzima aliyekuwa akiwabeba wafanyabiashara na magunia yao. Akampigia palepale uani, simu ameiweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Nataka unizungushe mimi na mzee wangu," alimwambia. "Nataka mahari patatu."

Yule bwana alishangaa.

"Mahari tatu, mama? Mnaoa nyumba nzima?"

Mke wangu alicheka mpaka akanikabidhi simu mimi, akaenda kuegemea ukuta. Nilimfafanulia yule bwana, naye akacheka. Tuliyapanga yote siku ile, nikamwachia na namba yangu. Alisema muda unategemea mizigo: ikiwa mingi meli inakaa saa mbili, ikiwa michache haizidi saa moja, na honi inapigwa kabla haijaondoka. Alituahidi kutusubiri bandarini, tufike tu. Tangu siku hiyo akipiga alimwita Mama Mahari. Walisalimiana hivyo mara tatu au nne, kuulizana mvua na bei ya ndizi, kama watu wanaofahamiana.

Mwezi wa tatu ulipofika, yule bwana alinipigia mimi. Alikuwa ameona siku zinakaribia na hajasikia neno. Nilikuwa nimesimama mlangoni upande wa nyuma.

"Shikamoo mzee. Mama Mahari yuko wapi, mbona simu yake haipatikani?"

"Marahaba," nilisema. "Yuko shambani."

Akasema basi nimsalimie, na tukiwa tayari tumwambie. Nikaitikia, nikakata simu.

Ni kweli alikuwa shambani. Tulimzika kwenye migomba yetu, na nilipokuwa naongea nilikuwa naliona kaburi, udongo ukiwa bado mwekundu. Sikusema uongo hata neno moja. Lakini mimi si mtu wa kudanganya, na ndiyo sababu najua nilichofanya. Nilichukua neno la kweli nikajificha nyuma yake. Kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kwake mke wangu alikuwa bado anapalilia, nami nilitaka abaki hivyo angalau kwa huyo.

Iliniuma zaidi ya uongo. Kila jioni nikipita kwenye migomba nilikuwa namsikia yule bwana akisema nimsalimie. Salamu hiyo ningeifikishaje? Mara mbili nilishika simu nimwambie, nikashindwa. Mwishoni mwa mwezi wa nne nilimwambia binti yangu anikatie tiketi ya meli, moja. Akaikata siku ileile. Nikampigia yule bwana nikamwambia nakuja. Akasema mnakaribishwa. Hapo pia sikumsahihisha.

Meli ilifika Kemondo jua likianza kutoka. Niliacha begi melini, nikashuka na watu wenye mizigo, nikamwona kando ya bajaji yake. Tulikuwa hatujawahi kuonana, lakini alinijua, nafikiri kwa sababu sikuwa na mzigo. Alinipa shikamoo, kisha akaendelea kutazama ngazi nyuma yangu.

"Mama anashuka taratibu?"

"Mama alifariki," nilimwambia. "Tarehe kumi na tisa mwezi wa pili."

Alihesabu kichwani, nikamwona akihesabu.

"Nilipopiga ulisema yuko shambani."

"Ndiko tulikomzika."

Alivua kofia. Watu walikuwa wanatupita na magunia. Nilitegemea akasirike, na angekuwa na haki. Alisema, "Pole sana, mzee wangu." Halafu akauliza mama alikuwa amepanga tuanzie wapi.

Tulianzia kwenye dagaa. Kulikuwa na akina mama wawili wakiwatandaza, dagaa wanang'aa, harufu kali kuliko nilivyodhani. Nilikaa nikiwatazama mpaka mmoja akaniuliza kama nanunua. Kutoka hapo tulipanda juu kidogo barabarani, nikaiona meli. Mke wangu alisema kweli, ilikuwa nzuri na nilipokuwa ndani sikujua. Ziwani nilivua viatu nikaingia mpaka juu ya kifundo cha mguu. Maji yalikuwa ya baridi na yenye magugu. Nilitegemea nitahisi kitu kikubwa, sikuhisi. Nilihisi baridi. Yule bwana alisimama ufukweni akiangalia saa kwa niaba yangu, na honi ilipopigwa alinishika mkono kunitoa kwenye matope. Alinirudisha bandarini mapema kabisa.

Meli ilipokuwa inakaribia Bukoba, simu iliita. Alikuwa yeye. Aliuliza kama nimesafiri salama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme salama.

"Nimelia tangu Kemondo mpaka hapa," nilimwambia.

"Haya, mzee," alisema. "Haya."

Sikukata simu, naye hakukata. Kisha watu wakaanza kujipanga kushuka, nikamuaga, nikachukua begi langu, nikashuka.