Maharagwe Yasiyopikwa

Juzi hapa Kinoru nilimwona mama mmoja akimkalisha bintiye kwenye kile kiti kidogo cha kumwinua mtoto garini. Alipomfunga mkanda, alipitisha kidole chini yake kuhakikisha haugusi shingo.

Mama yangu alikuwa na kidole kama hicho. Nilipokuwa mdogo, Jumapili moja alasiri tulikwenda Nkubu kwa nyanya, katika gari kuukuu la baba lililonuka petroli na ndizi mbivu, nami nikakalishwa juu ya kigunia cha maharagwe. Kila nilipojigeuza yalichakarika. Niliamini tunampelekea nyanya na mimi ndiye mlinzi. Ajabu ni kwamba jioni tulirudi nayo nyumbani.

“Kwani nyanya hapendi maharagwe?” niliuliza.

“Wewe kalia tu,” Mama alijibu.

Nikamhurumia nyanya kwa kuchagua chakula.

Baada ya kumwona yule mama, nilimpigia Mama simu. “Yale maharagwe yalikuwa ya nani?”

Alicheka mpaka akakohoa. “Yalikuwa yako! Bila hayo mkanda ulikukaa shingoni. Baba yako angefunga breki ghafla, ingekuwaje? Lakini kigunia huteleza. Siku hizi kuna viti. Mimi nilikuwa na maharagwe.”