Siku Niliyotangaza Kwamba Moto Unakuja

Leo nacheka, lakini siku ile ningeona shimo ningeingia na kujifukia mwenyewe. Mimi mtu wa Tanga, na miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakimiminika, kazi ya umeme ilikuwa imenitupa Kigoma, tukavuta laini kutoka mjini mpaka kwenye zahanati ya kituo cha kuwapokea, mbele kidogo ya Mwandiga. Siku ya kuwasha ilibidi watu waonywe wasiguse nyaya. Mwenzangu Yoramu, Muha wa hukohuko, akaniambia, "Kaka, niachie mimi niseme nao." Nikakataa. Nilikuwa nimepanga kwa Waha, mtaa wa Buzebazeba pale mjini, kusalimia na kuomba maji nilishajua, na Kiha na Kirundi si vinasikilizana, sasa kitanishinda nini?

Nikashika kipaza sauti. Umeme nikauita umuriro, maana ndivyo mama mwenye nyumba wangu alivyosema taa zikikatika (kumbe kwa mkulima aliyetoka milimani umuriro ni moto tu, basi). Nikawaeleza kwa mbwembwe, na kwa mikono pale maneno yaliponiishia: umuriro unazaliwa mjini kwenye mitambo mikubwa, unapita juu ya nguzo ukiwa na nguvu za kuua, unafika kwenye transfoma, lile sanduku pale juu, linaupunguza nguvu, halafu unaingia ndani.

Bibi mmoja aliyekaa mbele akauliza unafika lini.

"Leo mchana," nikamjibu, "tena hauzuiliki."

Wakaanza kuinuka, mimi nikadhani wanakwenda kuwaita wenzao waje wasikie, nikazidisha sauti, kuja kushtuka naona mikeka na masufuria vichwani, watoto mgongoni, watu wako barabarani wanakimbilia Mwandiga, na wauza ndizi wa Mwandiga walipoona umati unakuja mbio nao wakakimbia (hawakuuliza wanakimbia nini). Bosi wetu, aliyekuwa akija na wageni kuwasha taa, gari lake likakwama katikati ya magodoro.

Yoramu alikuwa amekaa chini anafuta machozi ya kicheko. Alipopata pumzi akawafuata na kipaza sauti, akawaeleza kwamba ni taa, wakarudi mmoja mmoja. Yule bibi akasimama mbele yangu akasema neno, na Yoramu alipotafsiri hakuwa anacheka tena.

"Anasema nyumba yake ilichomwa, akatembea mpaka huku, na wewe unamletea moto kwa waya."

"Nisamehe, Bibi," nikasema, kwa Kiswahili.

Hakuna aliyekubali kuingia zahanati. Bosi akaamua niingie peke yangu, nikae kwenye benchi chini ya taa, wao wanichungulie dirishani waone kama nitaungua. Nikakaa pale kama mgonjwa, na shati langu jipya, wageni wa bosi nao wakinitazama, mpaka watoto wakajitosa kuingia kunigusa mabega wasikie joto.

Tangu siku hiyo, palipo na mkalimani mimi nakaa kimya. Hata jirani yangu Mrundi nikitaka kumwomba chumvi, namwomba kwa Kiswahili.