Mchaichai wa Mama na Vidonge vya Presha

Kuna watu wamezaliwa kuwachosha wenzao, na mama wa huyu binti muuza dawa alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mtu mzima, mpishi mstaafu wa shule, amejaza mchaichai uani mpaka kamba ya nguo haifikiki, na mtaa mzima unamwita Daktari. Tumbo limejaa gesi? Chemsha majani mawili, unywe. Mafua? Jifukize. Usingizi umegoma? Kikombe kimoja kabla ya kulala. Mbu je? Ponda, jipake miguuni. Na watu walikuja, jamani, wengine na birika zao kabisa, huku binti akipiga miayo nyuma ya kaunta ya duka la dawa.

Hayo aliyavumilia. Chai ile hata yeye aliipenda. Kilichomchemsha ni presha. Zahanati walishasema: kidonge kimoja kila asubuhi, bila kuruka, la sivyo mama atapooza. Mama akaitikia kwa adabu zote, na kila wiki pakiti ilikuwa tupu kama inavyotakiwa. Lakini presha ilizidi kupanda.

Jumamosi moja binti aliinama kukata mchaichai wa chai, akaona vitu vyeupe shinani. Vidonge. Vya juu bado vikavu, vya chini vimegeuka uji. Kumbe muda wote huo aliyekuwa anatibiwa presha ni mchaichai.

Aliingia jikoni na vile vidonge mkononi. Akasema yote: kwamba wateja asiowajua wanamsikiliza, ila kwa mama yake mwenyewe ni kumpigia mbuzi gitaa, kwamba majani yanatuliza tumbo, hayazuii kiharusi. Mama alimwacha amalize.

"Baba yako alivimeza vyote," akasema. "Ulimpa kwa mkono wako, hakuruka hata siku moja. Na tulimzika."

Binti akaviweka vile vidonge mezani.

"Sikulaumu, mwanangu. Naogopa. Nikishika kidonge tu, namwona yeye."

Ulimi ulimwasha kumwambia ukweli: kwamba baba alifikishwa hospitali na kuanzishiwa vidonge akiwa amechelewa, baada ya miaka kumi ya kutibiwa kwa chai hiyo hiyo. Badala yake akavuta kigoda, akamwekea kidonge kiganjani, akamwambia atakaa naye hapo hapo.

Mama alikimeza amefumba macho, amemng'ang'ania mkono. Lile la baba, binti hakulisema siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.