Jina Lililobaki Ndani ya Ndege

Kazi yangu ni kuilisha ndege habari mpya. Kila baada ya wiki nne nachomeka kadi kwenye mtambo wa kuongozea njia, pale kwenye uwanja mdogo wa Masasi, na ramani ya zamani inafutika: viwanja, masafa ya redio, njia za angani, vyote vinaingia upya. Rubani anayeruka na ramani iliyopitwa na wakati anajitafutia balaa. Vinavyosalia ni vituo, yaani alama za njia kwenye ramani, ambavyo rubani ameviweka kwa mkono wake mwenyewe.

Rubani wetu wa kwanza, mzaliwa wa Chilangala, aliweka kimoja tu, pale ardhi inapopanda kwa ghafla kuelekea Newala na ukungu wa asubuhi hukawia kuondoka. Akakipa jina lake la utotoni. Kwao, kijana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na la zamani halitajwi tena hata na mama mzazi. Kulitaja ni kumtukana. Nilipomshangaa alicheka, akasema mashine haijapitia jando, haiwezi kumtukana mtu.

Masika yaliyopita aliugua, akafa.

Rubani mpya ni mtu wa sheria. Aliponikuta nabadilisha kadi aliniambia nikifute kituo hicho, kwa kuwa hakuna mamlaka iliyokipima. Alikuwa na haki, na bado nilimkasirikia. Rafiki yangu alizikwa kwa jina la ukubwani; lile jingine lilibaki humo ndani peke yake, na wa kulifuta nilikuwa mimi. Nikamwomba jambo moja: asikitumie, ila nikifute tukishatua Newala, mama wa marehemu akiwa amekiona kwanza. Akakubali shingo upande.

Tulipotua Newala, mama alikuja uwanjani kwa bodaboda kutoka Chilangala, amejifunga khanga ya msibani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamsaidia kupanda hadi kwenye kiti alichokuwa akikalia mwanawe. Nikawasha kioo cha mtambo. Hakujua kusoma, akauliza pameandikwa nini.

"Mama, mimi siwezi kulitaja," nikasema. "Ni jina lake la kabla ya jando."

Mama akakiinamia kile kioo, akalitamka taratibu, mara moja tu, kama anayemwita mtoto aje kula. Rubani aligeuka akatazama mikorosho.

"Siku aliyotoka jandoni nilimpokea kwa ngoma, jina nikalimeza," akasema. "Hata msibani sikulitoa. Haya baba, futa. Nimeshamwita."

Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Sikuwa na hakika, lakini nilibonyeza, na pale palipokuwa na jina pakabaki peupe.

Mama hakuinuka. Aliendelea kukaa kwenye kile kiti, mikono mapajani, na rubani, yule mtu wa sheria, hakumharakisha.